Je, wajua kwa nini unamtambua mchoraji wa kidijitali kabla hujaona jina lake?

Pale Mwanjelwa, Mbeya, kuna kinyozi ana bango la vichwa vinne, vimechorwa kwa mkono na rangi ya mafuta, kila kichwa na staili yake na namba chini, shingo ndefu mabega hakuna, nimepita hapo miaka na miaka sijawahi kuliangalia kama mtu anavyoangalia picha. Juzi kati nipo kwenye daladala naskroli zangu, nikakutana na uso wa pembeni, mistari minene myeusi, rangi zinapiga kelele, nikasema huyu lazima Karabo Poppy, kuangalia jina ni yeye kweli. Halafu gari ikapita pale kwa kinyozi. Nikacheka mwenyewe, konda akaniangalia vibaya.

Karabo Poppy Moletsane ni dada wa Afrika Kusini, kwao Vereeniging, anachora kidijitali na kazi zake zimefika mpaka kwenye viatu vya Nike Air Force 1. Mwenyewe hafichi alikochota: mabango ya vinyozi na saluni za mtaani, yale yanayochorwa na fundi kwa brashi. Kwa hiyo sikuwa naota. Ila swali likanibaki kichwani, maana hawa wachoraji wote wana programu zilezile, brashi za kupakua zilezile, rangi mamilioni kwenye skrini, sasa inakuwaje mmoja unamjua hata saini ikikatwa, na mwingine michoro yake mia inafanana na ya watu wengine mia?

Mimi nadhani kwanza ni kifaa, na hapa hatuhitaji kwenda mbali. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru kule Ruvuma, alipoanza kuchora Dar miaka ya mwisho ya 1960 hakuwa na kitambaa wala rangi za duka la wasanii, alikuwa na vipande vya hadibodi na rangi ya mafuta ile ya kupaka baiskeli. Rangi ile inang'aa, ni nzito, kuichanganya taratibu kutoka giza kwenda mwanga ni kazi, kwa hiyo unapaka bapa, rangi kavu pembeni ya rangi kavu, halafu unatia madoa. Alifariki 1972, lakini mpaka leo ukiona chui wa staili ile unajua ni Tingatinga. Kwa hiyo umaskini wa kifaa nao umechangia staili, sio kipaji peke yake.

Kwenye kompyuta ni hivyohivyo ila watu hawaoni. Kuna kuchora kwa vekta na kuna kuchora kwa pikseli, yaani vinukta vidogo vya rangi. Vekta maana yake mashine haihifadhi nukta za rangi, inahifadhi hesabu ya umbo, toka hapa mpaka pale pinda hivi, ndio maana logo ya vekta ukiikuza iwe bango la pale Kabwe haipasuki, wakati ile uliyoitoa WhatsApp ukampelekea mtu wa steshenari inatoka vigae vigae halafu unamlaumu yeye. Sasa Malika Favre, Mfaransa, amejenga jina lake kwenye mambo hayo ya vekta. Hachori mstari wa pembeni. Anaweka umbo jeusi, umbo jekundu, basi, mkono unauona kwa sababu kivuli kimeishia pale, jicho lako ndilo linamalizia kuchora. Mwaka 2017 alichora jalada la jarida la The New Yorker la Marekani, madaktari wanne wa upasuaji wamekuinamia kana kwamba wewe ndiye umelala kitandani, wote wanawake, na madaktari wanawake wa nchi nyingi wakaanza kupiga picha wamesimama hivyohivyo. Rangi chache tu zile.

Upande wa pikseli nenda kwa Loish, jina lake Lois van Baarle, wa Uholanzi, mmoja wa waliochora mwonekano wa Aloy yule dada wa gemu la Horizon. Huyu ni mtu wa mikunjo, nywele zinatiririka, shingo, bega, kila kitu kinapinda kuelekea sehemu moja. Lakini siri yake kwangu mimi ni vivuli. Wengi wetu tukitaka kivuli tunachukua rangi ya ngozi tunaongeza nyeusi, uso unakuwa kama umepakwa masizi, yeye kwenye kivuli anaweka zambarau au kijani ya bluu na inakubali kabisa. Kwa nini inakubali? Kwa sababu kivuli cha kweli hakiko tupu, kinapokea mwanga wa vitu vya jirani, na nje kinapokea bluu ya anga. Panda gari la Tukuyu asubuhi ukungu ukiwa unainuka uone, mgomba wa karibu ni kijani, kilima cha nyuma kijani iliyopauka, mlima wa nyuma kabisa ni bluu, na majani yote ni yaleyale, hewa tu imekaa katikati. Wachoraji wanaifanya kwa leya, kila tabaka la mbali wanalipausha na kulitia bluu kidogo. Sisi tunaiangalia bure kila siku kupitia dirisha la gari, tena tukiwa tumesinzia.

Halafu kuna staili ambayo haimo kwenye brashi kabisa. Chidiebere Ibe, kijana wa Nigeria aliyejifunza mwenyewe kuchora michoro ya kitabibu, Desemba 2021 mchoro wake wa mtoto mweusi tumboni mwa mama mweusi ulizunguka dunia nzima, watu wakashtuka kwamba hawajawahi kuona mchoro wa hivyo kwenye vitabu vya udaktari. Ukiuchunguza umechorwa kama mchoro wa kitabu chochote cha tiba, safi. Kinachomtambulisha Ibe ni uamuzi wake wa nani achorwe.

Mazoezi nayo yamo, sitakaa sana hapo. Beeple, mchoraji wa kidijitali wa Marekani, alianza 1 Mei 2007 kutoa picha moja kila siku, akakusanya 5,000 za kwanza, mwaka 2021 zikauzwa kwa dola milioni 69, na kusema kweli nyingi sizipendi, ila huwezi kuchora kila siku miaka 13 mkono ukakosa tabia.

Kama unabisha kwamba staili ni kitu cha kushikika muulize Greg Rutkowski wa Polandi, mchoraji wa madragoni na mwanga wa dhahabu, mwaka 2022 watu walikuwa wanaandika jina lake kwenye mashine za AI ili zitoe picha kama zake, bila yeye kuombwa. Nimeziona nyingi. Mwanga upo, moshi upo, ila hakuna kitu kimoja ambacho mtu aliamua.

Namna yangu ya kuwapata wachoraji sio kusubiri algorithimu, inakuletea yuleyule siku saba. Nikimpenda mmoja naangalia yeye anamfuata nani, nasevu picha tatu zake, nazifanya ndogo kama stempu, halafu nazitoa rangi zibaki nyeusi na nyeupe. Ikiwa bado namjua basi yuko kwenye maumbo. Nikimpoteza, alikuwa anaishi kwenye rangi.

Dogo wa jirani yetu hapa Soweto ya Mbeya anachora kwa kidole kwenye simu, anatumia programu ya ibisPaint ile ya bure, anaangalia tangazo ndio brashi inafunguka. Alikuwa ananiambia, kaka, mistari yangu minene mno, nikipata iPad nitachora vizuri. Nikamwambia kidole ni kinene bwana, kwa nini mstari uwe mwembamba? Nikamwonyesha Karabo. Kanyamaza, kazoom, kazoom tena. Wiki iliyofuata kaenda mwenyewe kwa yule kinyozi wa Mwanjelwa kumwomba amchoree bango jipya, na kinyozi kakubali, sharti moja tu, kichwa namba tatu kisiguswe, maana wateja wakiingia wanasema "nipe namba tatu".