Kwa nini tunalibana titi: mambo ya kutarajia ukienda kupima mamogramu

Swali ninaloulizwa kuliko yote, tena kwa sauti ya chini mlango ukishafungwa, ni hili: "Inauma?" Nimekuwa nikipiga picha za matiti kwa miaka mingi, na jibu langu ni kwamba wengi husikia kubanwa, baadhi huumia, na kwa wote huisha upesi. Ila jibu hilo peke yake halimtoi mtu wasiwasi. Nimeona kinachomsaidia zaidi ni kujua kwa nini tunambana.

Kwanza tuelewane. Mamogramu ya uchunguzi ni eksirei ya matiti anayopigwa mwanamke asiye na dalili yoyote, ili saratani kama ipo ionekane kabla mkono haujaweza kuipapasa. Kama tayari umegusa uvimbe, au chuchu imezama ndani hivi karibuni, au inatoa damu, au ngozi ya titi imeingia vishimo, usikae kungoja zamu yako ya uchunguzi. Mwone daktari umweleze, kwa sababu wewe utapangiwa picha za aina nyingine na huenda ultrasound pia.

Ukiwa bado unapata hedhi, chagua wiki inayofuata baada ya kumaliza, wakati matiti hayajajaa wala hayaumi. Vaa blauzi na sketi au suruali, maana utavua nguo za juu tu. Na asubuhi hiyo usipake deodoranti, poda wala losheni kifuani na kwapani. Hili watu hulichukulia kama usumbufu mdogo, nami nalisisitiza kwa sababu ya mama mmoja ambaye picha yake ilitoka na vidoti vyeupe vimetapakaa kwapani. Aluminiamu iliyomo kwenye deodoranti nyingi hutokea kwenye picha ikifanana na chembe za kalisiamu. Chembe hizo ndizo tunazozisaka kwa makini, kwa kuwa zikijikusanya mahali pamoja, na maumbo yake hayalingani, huweza kuwa alama ya mwanzo kabisa ya saratani. Tulimfuta kwa kitambaa chenye maji, tukarudia picha, vidoti vikatoweka. Lakini muda wote huo alikuwa amesimama akinitazama usoni, na ninajua alichokuwa akikisoma pale.

Njoo na picha zako za zamani kama unazo. Kivuli kilichokaa vilevile miaka mitano hakitutii shaka kama kile kilichojitokeza mwaka huu. Tuambie pia kama una mimba au huenda unayo, kama unanyonyesha, kama ulishafanyiwa upasuaji wa titi au umewekewa matiti ya bandia. Mwenye matiti ya bandia hupigwa picha za ziada, na tunambana kwa namna tofauti.

Sasa chumbani. Utasimama mbele ya mashine, nami nitaipandisha au kuishusha mpaka ilingane na kimo chako. Nitaliinua titi kwa mkono na kulilaza juu ya bamba, nilisawazishe lisijikunje, halafu kibao cha plastiki kinachopitisha mwanga kitashuka polepole kutoka juu. Kwa kawaida picha ni nne, mbili kwa kila titi: moja mionzi ikitoka juu kwenda chini, nyingine ikipita kwa mshazari. Hii ya pili ndiyo ngumu. Kona ya bamba huingia kwapani na mkono wako hulazwa juu ya mashine, kwa sababu nyama ya titi haiishii pale sidiria inapoishia, inapanda hadi kwapani. Na ile robo ya juu, upande wa kwapa, ndiyo saratani hupenda kuanzia kuliko sehemu nyingine za titi. Nikiiacha nje ya picha ili usibanwe, nitakuwa nimekudhulumu.

Chukua kitambaa kilichokunjwa mara nne ukitafute kitobo. Hukioni. Kikunjue, ukinyooshe mbele ya mwanga, kitobo hicho hapo. Ndivyo lilivyo titi: tezi, mafuta na nyuzi vimepandana, na kivuli cha kimoja hukificha kingine. Tukilibana, vinatandazika. Kuna faida nyingine mbili. Titi likiwa jembamba linahitaji mionzi pungufu, na likishikwa halitikisiki, kwani mtikisiko hata wa kupumua hufifiza zile chembe ndogo. Mionzi yenyewe kwa kipimo kizima ni kama milisiveti 0.4, karibu sawa na ile tunayoipata kutoka ardhini na angani katika wiki saba hivi za maisha ya kawaida.

Kubanwa huchukua sekunde chache kwa kila picha, na mashine nyingi huachia zenyewe picha ikishapigwa. Ninachokuomba ni kulegeza bega. Mtu akiogopa hupandisha mabega, msuli wa kifua unakaza, titi linavutwa nyuma, na hapo ndipo maumivu yanapoongezeka. Mara nyingi naweka kiganja begani na kusema, "Mama, shusha hapa, toa pumzi," na ninausikia msuli ukilegea chini ya vidole vyangu. Ukiumia, sema. Nitasimamisha, nitapanga upya. Hakuna anayepewa sifa kwa kuvumilia kimya.

Picha husomwa na daktari wa radiolojia, mara nyingi ukiwa umeshaondoka. Kisha kuna lile ninalotaka uondoke nalo mapema: unaweza kuitwa tena. Kwa takwimu za Marekani, katika kila wanawake 1,000 wanaopimwa, kama 100 huitwa warudi, na wanaokutwa na saratani ni kama 5. Wengi wa waliobaki walikuwa na uvimbe wa maji, nyama zilizopandana, au picha isiyotosha. Ukirudi tunabana eneo dogo tu, au unapigwa ultrasound, na wachache hutolewa kipande kidogo cha nyama kwa sindano kikapimwe. Usiku wa kusubiri siku hiyo ni mrefu, siwezi kukuficha.

Na kipimo hiki kina mipaka yake. Kwenye picha tezi ni nyeupe, na saratani nayo ni nyeupe, hivyo mwenye matiti yenye tezi nyingi ni rahisi saratani yake kujificha. Wapo pia wanaokutwa na saratani ambayo isingewahi kuwadhuru, wakatibiwa. Ndiyo maana nchi hazikubaliani kuhusu ratiba. Jopo la wataalamu la Marekani lilipendekeza mwaka 2024 kila miaka miwili, kuanzia 40 hadi 74. Uingereza huita kila miaka mitatu, kuanzia 50 hadi kabla ya kutimiza 71. Kama mama au dada yako aliugua saratani ya matiti, hasa akiwa kijana, ratiba hizo zinaweza zisikufae. Zungumza na daktari wako mapema.

Kabla hujavaa na kuondoka, uliza majibu yatatoka lini na yatakufikia kwa njia gani. Siku hiyo ikipita bila habari, piga simu. Picha zilizopotea njiani na picha zilizo safi, kwako nyumbani, zote huonekana kama simu isiyolia.