Mwanakisomo "mkorofi" na mambo mengine tunayodanganyana kuhusu madarasa ya watu wazima

Kila semina ya wawezeshaji, yaani wanaowafundisha wanakisomo (watu wazima wanaojifunza kusoma na kuandika), iwe Ujiji, Kasulu au Uvinza huku Kigoma, chai ya saa nne haijafika na tayari mkono umenyooka: "Mwalimu, hawa wazee wakorofi tuwafanyeje?" Kabla sijafungua mdomo, mwingine kutoka nyuma ameshatoa dawa yake: mbane mbele ya wenzake, ataona aibu, atanyooka. Ukumbi mzima unatikisa vichwa kukubali. Semina inayofuata dawa ni ile ile, na majina kwenye daftari la mahudhurio yamezidi kupungua. Nimechoka kulijibu hili kwa mdomo.

Dhana: Mtu mzima akileta ukorofi, muaibishe mbele ya darasa, atanyooka.

Atanyooka kweli, moja kwa moja hadi mlangoni. Mtoto wa darasa la tatu akiaibishwa leo, kesho mama yake atamrudisha shule kwa nguvu. Mama wa miaka 52 anayeuza mawese sokoni hana wa kumrudisha. Atachukua kanga yake na daftari lake, atakuaga kwa adabu zote, na hutamwona tena. Wewe utaandika "mtoro" na kuamini umelinda nidhamu.

Chanzo cha tatizo nakijua. Wawezeshaji wetu wengi ni walimu wa shule za msingi. Asubuhi wamefundisha watoto. Alasiri wanaingia darasa lile lile, lenye madawati yale yale ambayo magoti ya mtu mzima hayaingii, na sauti ni ile ile ya asubuhi. Nimemwona kijana wa miaka ishirini na kitu amesimama mlangoni akisubiri watu wa umri wa mama yake wasimame wamwamkie! Shikamoo ilitakiwa itoke kwake. Kipindi hakijaanza, na ameshapoteza heshima ambayo ukali wote wa dunia hautairudisha.

Halafu hicho kinachoitwa ukorofi, ukikichunguza, mara nyingi ni kitu kingine kabisa. Mwezeshaji mmoja wa kituo kilicho karibu na mwalo wa Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika, alinilalamikia kwamba akina mama wake wanatoka kundi zima katikati ya somo bila kuomba ruhusa. "Dharau tupu," akasema. Nikaenda, nikakaa benchi la nyuma. Somo lilikuwa zuri tu, silabi za "nda" na "nga", mpaka kwenye saa tisa na nusu wingu likaanza kujikusanya juu ya ziwa. Mama wa kwanza akachungulia dirishani, akafunga daftari. Wa pili hakuchungulia hata, alimtazama wa kwanza. Kufumba na kufumbua tumebaki na wazee watatu na mwezeshaji mwenye chaki mkononi. Wenzetu walikuwa wameanika dagaa mchangani. Dagaa akinyeshewa kabla hajakauka ni hasara, na mtaji wenyewe ni mkopo wa kikoba. Sasa hapo unamuaibisha nani, na kwa kosa gani?

Tulichofanya ni kukaa na wanakisomo wenyewe wakatunga sheria: mmoja anakaa dirishani kwa zamu kuangalia wingu, likitanda anasema, wenye dagaa wanatoka kimya kimya, na mvua ikipita bila kunyesha wanarudi. Sheria wameitunga wao, wanaisimamia wao, na anayetoka bila sababu anasutwa na wenzake bila mwezeshaji kuinua sauti. Kwa wavuvi nako hakuna haja ya kugombana na usingizi. Aliyekesha ziwani na taa zake atasinzia saa kumi jioni hata ungemwimbia. Mpe kazi ya kusimama au ya kuongea na jirani, na somo gumu liweke siku za mbalamwezi, wakati dagaa hawakusanyiki kwenye taa na wavuvi wengi wako nyumbani.

Nije kwa anayekataa kusoma kwa sauti, maana huyu ndiye anayeonewa kuliko wote. Kuanzia kwenye miaka 40 hivi lenzi ya jicho hukakamaa, na vitu vya karibu vinaanza kuwa ukungu. Hili linampata karibu kila mtu, msomi na asiyesoma. Mtu huyo anaona mtumbwi ulio mbali ziwani, lakini herufi za kitabu zinamchezea. Akiambiwa asome anasema "leo sijisikii", "mwulize fulani", au anatupia mzaha darasa zima licheke mambo yapite. Wewe unaandika: mkaidi. Mwangalie mikono. Akikisogeza kitabu mbali kadiri mkono unavyofika, au akikigeuzia dirishani, mwambie pembeni, mkiwa wawili, apitie kliniki ya macho. Huenda akahitaji miwani ya kusomea tu. Huenda ni jambo jingine linalotakiwa kuonwa na mtaalamu. Wakati mnasubiri, andika ubaoni kwa herufi kubwa, na wenye umri wakae karibu na mwanga. Madarasa yetu mengi hayana umeme, giza likianza kuingia hata mimi sioni.

Na huyo wa mizaha? Wengi wao wanaogopa ubao. Usimpeleke mtu ubaoni peke yake wiki za kwanza. Mimi nasisitiza wasome wawili wawili, kisha benchi zima kwa pamoja, na aliye tayari atajitaja mwenyewe. Ushauri huu nimeurudia mpaka wananiita Mama Wawili Wawili, sijali.

Yupo pia mjuaji, mzee anayeteka kipindi kwa hadithi za enzi zake. Mwite kabla ya somo: "Mzee wangu, leo nakuomba mfano mmoja kuhusu mkopo, dakika tano." Ukimpa nafasi yenye mpaka, hatanyang'anya ya wengine.

Nisieleweke vibaya. Kuna utovu wa nidhamu wa kweli. Anayekuja amelewa, arudishwe nyumbani siku hiyo, bila hotuba. Mwanamume anayewasumbua mabinti waliorudi kusoma simvumilii hata kidogo: uongozi wa darasa uitwe, afisa elimu kata ajue, na akiendelea aondoke. Tangu Novemba 2021 serikali iliporuhusu wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, mimba ikiwemo, kurudi masomoni, mabinti hawa tunao, wengine na watoto mgongoni. Mtoto akilia darasani si kosa. Anyonyeshwe, somo liendelee.

Dhana: Darasa lililotulia ndilo linaloelewa. Darasa la watu wazima lililo kimya limechoka au limeogopa. Kwenye kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walikaa kwa vikundi, wakasikiliza redio, wakabishana, halafu wakaenda kuchimba vyoo. Ubishi ulikuwa sehemu ya somo.

Dhana: Ubongo wa mtu mzima umeshaganda. Kukariri kunapungua kasi, ndiyo, lakini kuelewa jambo linalomhusu hakupungui. Mwaka 1967 takribani theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma na kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, kampeni zikafuatana, na kufikia 1986 walikuwa wamebaki kama asilimia 10. Hao waliojifunza walikuwa na bongo gani? Baadaye tulilegea sisi, idadi ikapanda tena.

Dhana: Bila posho hawaji. Wanakuja wakipata kitu cha kutumia jioni hiyo hiyo. Ukitumia miezi mitatu kwenye a-e-i-o-u tupu, hata posho haitawabakisha.

Dhana: Simu zizimwe zote. Mlio, sawa, uzimwe. Lakini ile simu ndiyo kitabu pekee ambacho mwanakisomo anatembea nacho kila siku. Ujumbe wa pesa una jina la mtu, tarakimu, tarehe na salio. Una kusoma na kuhesabu kwa pamoja, na mwenye simu ana hamu kubwa ya kujua amekatwa kiasi gani. Wafundishe kutafuta makato, wajumlishe, walinganishe na kile wakala alichowaambia kwa mdomo. Mwenye ujumbe akipenda aufiche, usimlazimishe kuuonyesha. Tunga wako uandike ubaoni. Na namba ya siri isitajwe darasani, hata kwa mfano.