Je, wajua kwa nini mpangaji mwenye deni anaweza kushinda kesi ya kufukuzwa dukani?

Mama muuza vitenge anadaiwa kodi ya miezi 3. Mwenye jengo anamtumia ujumbe wa simu: "Mwisho wa mwezi uhame." Mama hahami. Wanafika mbele ya mahakama maalumu ya kodi za majengo ya biashara, na mama anashinda, ingawa deni hakulikana. Imekuwaje?

Nchini Kenya, mpangaji wa duka, hoteli au mkahawa asiye na mkataba wa maandishi, au ambaye mkataba wake hauzidi miaka 5, analindwa na sheria ya mwaka 1965, Sura ya 301. Kwa mpangaji huyo, kuchelewa kwa kodi peke yake hakuvunji upangaji. Kinachouvunja ni notisi, na notisi ina masharti. Iandikwe kwa fomu iliyowekwa na sheria. Impe mpangaji angalau miezi 2, ikihesabiwa tangu alipoipokea. Itaje sababu inayotambuliwa na sheria, kwa mfano kodi iliyopitiliza miezi 2, au nia ya kubomoa na kujenga upya.

Lipo sharti jingine linalosahaulika kirahisi: notisi lazima imtake mpangaji ajibu kwa maandishi, ndani ya mwezi mmoja, kama anakubali kuhama au la. Maneno hayo yakikosekana, notisi imeanguka, hata kama mengine yote yamekamilika. Ujumbe wa mwenye jengo wetu haukutimiza hata sharti moja.

Wapo wanaoona huku ni kung'ang'ania makaratasi. Mimi nakataa. Miezi 2 ndiyo inayompa mfanyabiashara muda wa kutafuta chumba kingine, kupunguza bidhaa na kuwaarifu wateja wake. Na sababu ikiandikwa, anaweza kuijibu. "Mwisho wa mwezi uhame" utaijibu vipi?

Hata hivyo, deni liko palepale. Mwenye jengo anaweza kulidai, na anaweza kuandika notisi mpya iliyo sahihi. Hapo mama asilale: asipopeleka pingamizi kwenye mahakama hiyo kabla ya siku iliyotajwa, notisi inashika. Akiwahi, haina nguvu mpaka shauri liamuliwe, na muda wote huo mwenye jengo hana ruhusa ya kutia kufuli lake mlangoni.