Kisirani kabla ya siku zako: vidonge vya virutubisho vinasaidia?

Swali: Dada shikamoo, nina miaka 29. Wiki moja kabla ya siku zangu nakuwa na kisirani mpaka najiogopa, juzi mtoto kamwaga uji kwenye kochi nikamfokea mpaka akaenda kujificha nyuma ya mlango. Jirani kanipa vidonge vya magnesiamu anasema ndo dawa ya hasira. Nimeze?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, pole sana, na usijione mama mbaya. Kidonge cha kuondoa hasira zote hakipo, ila kwa hasira zinazokuja kabla ya hedhi alafu zinapoa damu ikianza kutoka, chenye ushahidi wa maana ni kalsiamu. Mwaka 1998 kule Marekani walitoa majibu ya utafiti wa wanawake zaidi ya 400, wengine walimeza kalsiamu miligramu 1200 kwa siku wengine vidonge vitupu visivyo na dawa ndani, kufika mzunguko wa tatu dalili za waliomeza kalsiamu zilishuka karibu nusu, wale wa vidonge vitupu nao zikashuka asilimia 30, kwahiyo inasaidia ila usitegemee muujiza. Magnesiamu ushahidi wake mdogo, na ukizidisha utaharisha.

Swali: Lazima ninunue?

Jibu: Anza na jikoni kwako, dagaa wale unaotafuna na mifupa yao, maziwa, mtindi.

Swali: Na vitamini B6?

Jibu: Inaweza kusaidia kidogo, ila dozi kubwa kwa muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu, miguu inaanza ganzi. Usijipangie mwenyewe.

Swali: Nilisahau, damu inanitoka nyingi sana, nachoka, na udongo ule wa sokoni siupiti bila kununua.

Jibu: Hapo sasa ndo umenishtua, hayo ndo ungeanza nayo! Kabla ya kidonge chochote nenda kapime wingi wa damu, maana upungufu wa madini ya chuma unaleta uchovu, hamu ya udongo na hizo hasira za karibu. Ukiandikiwa vidonge vya chuma usivimeze na chai wala pamoja na kalsiamu, acha masaa mawili katikati, choo kikiwa cheusi usiogope. Alafu kwenye simu yako andika kila siku ya kisirani na siku ya hedhi, miezi miwili tu, umwonyeshe daktari. Ila ukihisi unaweza kujidhuru au kumdhuru mtoto, usisubiri hiyo miezi, nenda hospitali siku hiyohiyo.