Kwetu haijanyesha, sasa mafuriko yatatoka wapi?

Hilo swali nimelisikia huku kwetu Budalang'i, magharibi mwa Kenya, tangu nikiwa mdogo na linaniuma mpaka leo, sababu kila msimu kuna mtu anauliza akiwa amekaa mlangoni, jua linawaka, barabara ina vumbi, na kesho yake usiku anabebwa na mtumbwi ameshika kuku wawili. Jamani, Mto Nzoia haingoji mawingu ya Budalang'i. Maji yake yanatoka Cherang'any na Mlima Elgon, eneo la zaidi ya kilomita mraba 12,000, na yote yanateremkia kwetu kwa tambarare kabla ya kuingia ziwani. Kitale huko juu ikinyesha usiku kucha wewe unalala pakavu, halafu maji yanakukuta baadaye. Hiyo nafasi ya katikati ndio utabiri unakupea, uhamishe watoto na ng'ombe.

Kuna wenye wanasema ati modeli ya kutabiri mafuriko ni kompyuta inabahatisha. Hapana, ni hesabu: unaipa mvua iliyonyesha, mvua inayotarajiwa, mteremko na aina ya udongo, inakwambia maji kiasi gani yatafika kwa daraja la Rwambwa huku kwetu na lini. Udongo ndio mambo yote! Mwaga debe la maji kwa shamba lililokauka mwezi wa tatu mwanzo, shamba linameza. Mwaga debe hilo hilo mwezi wa tano masika ikiwa imeshiba, linateremka lote mtoni. Na huku magharibi milima haipumziki, Julai na Agosti wakati Ukambani wanaangalia vumbi huku bado inanyesha, kwa hivyo ardhi inaingia vuli ikiwa imelowa. Ndio maana mvua ndogo inaweza kutufurisha na ile kubwa ikapita tu.

"Setilaiti ziko, ule ubao wa mtoni ni wa nini tena?" Ule ubao wenye nambari umesimama majini, mtu anausoma asubuhi na jioni. Setilaiti inaona mawingu kutoka juu inakisia mvua, na milimani inakosea sana, so bila ule ubao huwezi jua kama modeli inasema ukweli. Tena mto unaleta mchanga, sakafu yake inabadilika, mita tatu za mwaka huu si maji sawa na mita tatu za mwaka jana, lazima watu warudi kupima upya. Nimeona mtu amefunga ndama kwa ile chuma inayoshika ubao, ndama akivuta imelala upande, na hapo nambari zote zinaharibika. Tafadhali tusifanye hivyo.

Mafuriko ya miaka 100 hayangoji miaka 100, maana yake ni nafasi 1 kwa 100 kila mwaka, na ukiishi hapo miaka 30 inakuwa kama 26 kwa 100. Na watabiri wakisema nafasi ya mafuriko ni 60 kwa 100 halafu yasikuje, hawajadanganya, zile 40 pia zilikuwa hapo.

Na lile tuta la udongo la kuzuia mto? Limejengwa kuzuia kiasi fulani tu cha maji. Mei 2020 lilipasuka, na mwezi huo huo Ziwa Victoria lilikuwa limepita rekodi yake ya 1964, mto ukifika mdomoni unakuta ziwa limejaa, maji yanarudi nyuma kwa mashamba. Modeli ya Budalang'i ikisahau kimo cha ziwa inakosea hata kama mvua imeipatia sawasawa.