Usiidanganye swichi ya mlango wa mashine

Ninapoingia karakana yenye mashine za CNC, yaani zinazoongozwa na kompyuta, za kukereza chuma, kwanza naitazama swichi ndogo kwenye fremu ya mlango wa mashine. Mlango ukifungwa, ulimi wa chuma unaingia ndani ya swichi hiyo, na hapo ndipo mashine inaruhusiwa kuzunguka. Nikikuta ulimi wa akiba umechomekwa humo siku nzima, au sumaku imebandikwa kwa utepe, najua mashine imedanganywa: inaamini mlango umefungwa na kumbe fundi amesimama mbele yake ukiwa wazi.

Wengi hudhani mlango ule umewekwa ili maji ya kupoozea yasimwagike sakafuni. Chukua chaki yenye kipenyo cha milimita 200, ile inayobana chuma kwa taya zake, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika. Ukingo wake unakwenda takriban kilomita 113 kwa saa, yaani mara 50 mzunguko mzima kila sekunde. Binadamu huhitaji kama robo sekunde kushtuka na kuanza kuondoa mkono. Katika robo hiyo chaki imeshazunguka mara 12. Wepesi wa mkono hausaidii kitu hapo, na glavu au mkono wa ovaroli ukinaswa, mwili wote unafuata.

Halafu kuna hatari ambayo hata mafundi wazoefu huisahau. Chaki inapozunguka, taya zake zinavutwa kuelekea nje, na kipande kilichobanwa kwa nje kinazidi kulegea. Kasi ikiwa maradufu, mvuto huo unakuwa mara nne. Ikiwa mara tatu, unakuwa mara tisa. Ndiyo maana chuma kilichotulia kwenye mizunguko 1,000 kinaweza kuchomoka kwenye 3,000. Kikichomoka, kizuizi pekee kati yake na kifua cha fundi ni ule mlango.

Kumkemea fundi peke yake hakutoshi, na hili nawaambia wasimamizi bila kuficha. Fundi hafungui mlango kwa ukaidi. Pengine utepe mrefu wa chuma unajiviringisha kwenye kisu naye anataka kuuvuta kwa ndoana bila kusimamisha kazi. Basi badilisheni kisu au mwendo wa kukata, ili utepe uvunjike vipande vifupi wenyewe. Pengine anaseti kazi mpya na anahitaji kuona kwa karibu. Mashine nyingi zina hali ya kuseti, yenye ufunguo wake na kasi ndogo, na ukiachia kitufe zinasimama. Afundishwe kuitumia. Kiwango cha kimataifa cha ISO 14119 nacho kinawataka wabunifu wa mashine wapunguze sababu zinazomfanya mtu atamani kuichezea swichi.

Pengine kioo kimekuwa ukungu na haoni ndani. Hicho si kioo cha kawaida, ni polikaboneti, na maji ya kupoozea na mafuta huidhoofisha taratibu. Kikiwa na ufa au kikipitisha umri uliowekwa na mtengenezaji, kibadilishwe, maana hakitahimili pigo.

Na swichi ikiharibika kabla spea haijafika? Mashine isimame, hata kama oda inasubiriwa. Zimeni umeme kwenye swichi kuu, wekeni kufuli, na ufunguo abaki nao anayeitengeneza.