Mpingo umefika sentimita 24, ndo ukatwe?

Watu wakisikia kuvuna msitu wanadhani kazi ni kutafuta mti mkubwa na kumwita fundi wa chenso, basi. Mimi nazunguka misitu ya vijiji huku Kilwa na siku yangu kubwa inaishia kuchagua miti ambayo HAIKATWI.

Nianze na mpingo maana ndo wenye hela. Kanuni inakataza kukata mpingo wenye kipenyo chini ya sentimita 24, unapima mita 1.3 kutoka ardhini, yani usawa wa kifua. Ukizungusha tepu ya kawaida inasoma kama 75. Rahisi eh? Mwaka wangu wa kwanza niligonga alama ya kukatwa kila mpingo uliofika 75, nikajiona mtaalam kweli, mpaka mzee mmoja wa kamati ya maliasili akaniuliza, "Sasa bwana misitu, mbegu zitadondoka kutoka wapi?" Kugeuka nyuma, bonde zima sikuacha mti mama hata mmoja! Tukarudi kufuta, nusu siku ikaenda hivyo hivyo.

Msitu uliochakaa una shida yake. Iliyonyooka ilishabebwa zamani, iliyobaki mingi imepinda au imeungua, na ukichukua tena ile mizuri michache unawaachia mikorofi kazi ya kuzaa. Sio kila uliopinda una mbegu mbaya, mwingine moto uliula kichwa ungali mche ukachipukia pembeni, ila kwa macho huwezi kutofautisha, kwa hiyo kwanza natafuta wa kubaki: umenyooka, una afya, una maganda ya mbegu ya kutosha, na haujasongamana na mama wenzake sehemu moja.

Ndo nakuja kwa wa kukata. Nagonga na mgongo wa shoka nasikiliza, ukilia kama ngoma una tundu ndani, mpingo mzee unapenda kuoza moyo, hasa ukiwa na kidonda cha moto kwenye shina. Huo nauacha nyuki wakae. Hata gogo zuri, mbao inayofaa klarineti (ile ala ya muziki ya kupuliza) mara nyingi haifiki asilimia 10 ya ujazo wake, sasa la tundu utapata nini?

Afu angalia chini. Mpingo unataka jua, kama kuna miche inasubiri basi kuukata mkubwa unaifungulia dirisha, ila kama chini ni nyasi tupu umezifungulia nyasi, na kiangazi zikikauka ni moto tu. Mninga ndo unadanganya zaidi (huu kipenyo chake cha chini ni sentimita 45): mche wake unakauka juu kila kiangazi, miaka kadhaa mfululizo, huku mzizi unanenepa chini. Ukipita Oktoba utaapa hakuna miche. Rudi masika.

Mti ulio ndani ya mita 60 kutoka mtoni siupimi kabisa. Na kabla ya kugonga nyundo ya alama naangalia utaangukia wapi, maana mpingo mmoja ukianguka vibaya unavunja miti michanga ya miaka 20.

Alama nagonga mbili, kwenye gogo na chini kabisa karibu na ardhi ili ibaki kwenye kisiki. Vijiji vya Kikole na Kisangi huku Kilwa vilipata cheti cha FSC (cha kimataifa, kuonyesha msitu unavunwa vizuri) mwaka 2009, na mkaguzi ofisini akishasoma makaratasi namwambia twende porini tukahesabu visiki, ndo vinavyosema nani alikata nini.